Bundi wa Athens: namna ya kupima ukaaji wa picha na nguvu ya pigo kwenye sarafu ya kale

Weka mezani sarafu mbili za fedha za Athens, zile zenye bundi. Zote zina gramu 17 na ushei, zote ni za nusu ya pili ya karne ya 5 KK, na hakuna iliyozunguka sokoni kiasi cha kulika. Moja inauzwa mara tatu ya bei ya mwenzake. Mgeni wa fani hii ataitafuta sababu kwenye uchakavu na ataikosa. Sababu ilizaliwa karakanani, nyundo ilipotua: picha ilikaa wapi juu ya kidonge cha fedha, na fedha ilipanda kiasi gani ndani ya mchongo.

Mwongozo huu unayafuata mambo hayo mawili hatua kwa hatua. Mfano wangu mkuu ni tetradrakma (sarafu ya drakma nne) ya Athens, kwa sababu zimebaki nyingi mno, picha zake zimetapakaa mtandaoni, na kasoro zake zinafundisha kuliko sarafu yoyote ninayoijua. Bundi kwetu ni ndege wa uchuro. Kwa Waathene alikuwa ndege wa Athena, mungu wa kike mlinzi wa mji wao, na hata sarafu yenyewe waliiita bundi. Wakusanyaji humtafuta kwa udi na uvumba.

Hatua ya 1: Ingia karakanani kwanza

Fundi alikuwa na mihuri miwili. Wa chini, wenye uso wa Athena, ulipachikwa kwenye fuawe na haukusogea. Wa juu, wenye bundi, ulichongwa kwenye ncha ya kipande kifupi cha metali ambacho mtu alikishika mkononi. Kidonge cha fedha, kidogo na kinene, kilikaa katikati ya mihuri hiyo, aghalabu kikiwa kimepashwa moto ili kilainike. Nyundo ikashuka, mara moja au zaidi. Hapakuwa na pete ya kukibana kidonge pembeni kama kwenye mashine za leo, kwa hiyo fedha ilitawanyika ilikopenda na ukingo ukapasuka ulipotaka.

Muhuri wa Athena ulikuwa mpana kuliko kidonge. Ni kama karani anayegonga muhuri wa ofisi kwenye kikaratasi kidogo kuliko muhuri wenyewe: hata akilenga vizuri, kitu fulani kitabaki nje. Kwenye bundi wa karne ya 5 kinachobaki nje mara nyingi ni kishungi cha kofia ya chuma ya Athena. Muhuri wa juu ulikuwa mdogo, wenye umbo la mraba, na mraba huo unaonekana wazi umebonyea kwenye fedha. Ndiyo maana bundi mwenyewe hukaa mzima kwenye sarafu nyingi, na ugomvi wa ukaaji unahamia upande wa Athena.

Usimlaumu fundi. Alichotakiwa kukitoa kilikuwa uzito sahihi, karibu gramu 17.2, na fedha safi ya machimbo ya Laurion. Mfanyabiashara wa Misri au Foinike aliyeipokea hakuhangaika na kishungi. Alichukua patasi akaikata kidogo aone kama ndani kuna shaba. Anayetaka picha kamili ni sisi, tuliokuja miaka 2,400 baadaye.

Hatua ya 2: Andaa macho na vifaa

Vinatosha vitu vichache: lenzi ya mkononi inayokuza mara tano hadi kumi, taa moja ya meza inayosogezeka, mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na rula yenye milimita. Lenzi kali zaidi ya hapo itakuonyesha vumbi na kukupotezea sarafu. Chini weka kitambaa laini. Fedha ya kale inaweza kuwa imeota chembe za fuwele ndani na ikianguka sakafuni inaweza kuvunjika vipande.

Hatua ya 3: Pima ukaaji kwa kuuliza nini kimekatwa

Wengi huanza kwa kupima umbali wa picha kutoka ukingoni pande zote nne. Kwa sarafu ya kale kipimo hicho kinapotosha. Picha inaweza kusogea milimita tatu isipoteze kitu cha maana, na nyingine ikasogea milimita moja ikakata pua. Uliza badala yake: muhuri ulikuwa na nini, na kati ya hivyo vipi vimo kwenye fedha?

Ili ujibu lazima ujue muhuri mzima ulifananaje. Fungua hifadhi ya picha ya British Museum, au ya American Numismatic Society ya New York, utazame mifano kumi au ishirini ya aina hiyohiyo. Utaanza kuona Athena mzima kichwani hata unapotazama sarafu iliyokatika. Anatazama kulia. Kofia yake ina majani matatu ya mzeituni juu ya paji la uso na nakshi iliyojikunja kuelekea nyuma. Sikioni ana kipuli cha duara. Jicho lake limechongwa kama la mtu anayekutazama usoni ingawa uso uko ubavuni. Kishungi kinapita juu ya kofia na kushuka nyuma ya shingo. Upande wa pili bundi amesimama kulia, kichwa amekugeuzia wewe. Kushoto juu kuna tawi la mzeituni lenye majani mawili na tunda moja, chini yake hilali ndogo, na kulia herufi ΑΘΕ za jina la mji.

Sasa angalia mtego. Kishungi kiko juu na kushoto, pua na kidevu viko kulia. Kidonge kikisogea ili kishike kishungi, pua inakaribia ukingo. Pua ikipata nafasi, kishungi kinaondoka. Vyote viwili vikiwa vizima, ujue kidonge kilikuwa kipana kuliko kawaida na mkono wa fundi ulikuwa umetulia siku hiyo. Sarafu za namna hiyo ni chache, na wauzaji wanalijua hilo kuliko wewe.

Mimi huyapanga mambo kwa utaratibu huu. Uso kwanza: paji, jicho, pua, midomo, kidevu. Ncha ya pua ikikatwa, jicho la mtazamaji haliachi kulirudia pengo hilo, na hakuna kishungi kitakacholifidia. Kisha macho na mdomo wa bundi. Kisha herufi tatu, hasa Ε ya chini ambayo hupotelea ukingoni. Kishungi kinakuja nyuma ya hayo yote. Soko halikubaliani nami: katalogi za minada huandika kuwepo kwa kishungi kamili kwa mbwembwe, na bei inafuata. Ukiwa na mfuko mdogo, tofauti hiyo ya maoni ni faida yako.

Jambo moja husahaulika. Athena anapaswa kuwa na nafasi mbele ya uso wake. Sarafu ambayo pua ipo lakini imegusa ukingo inaonekana kama picha iliyobanwa kwenye fremu ndogo. Hata milimita moja ya fedha tupu mbele ya pua inampa hewa, na utaona tofauti ukiziweka mbili sambamba.

Hatua ya 4: Tenganisha pigo legevu na kulika

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Eneo bapa kwenye sarafu linaweza kuwa na asili mbili. Huenda mchongo uliwahi kuwepo, mikono na mifuko ikaula. Huenda haukuwahi kuwepo, kwa sababu fedha haikufika mwisho wa muhuri. Muuzaji atasema la pili, maana linasikika vizuri zaidi: sarafu haijatumika, pigo tu lilikuwa legevu. Mara nyingine anasema kweli. Unajuaje?

Zima taa zote ibaki moja, uiweke chini pembeni ili mwanga ulale juu ya fedha. Inamisha sarafu polepole na utazame ngozi ya lile eneo bapa. Palipolika huwa laini, pameteleza, na mara nyingi rangi yake inaachana na ya uwanja, ile sehemu tupu inayoizunguka picha. Palipokosa pigo hubaki na ngozi ya kidonge chenyewe kabla hakijagongwa: chembechembe, vijishimo vidogo, mikwaruzo isiyoeleweka, na rangi ileile ya uwanja. Ukishaiona ngozi hiyo mara moja kwa lenzi hutaisahau.

Kisha angalia majirani. Kulika hakuchagui, kunaanza na kila kilichoinuka zaidi, pande zote mbili, kwa kiasi kinachokaribiana. Ikiwa nywele za Athena juu ya sikio ni bapa lakini kipuli kilicho karibu, chenye mwinuko uleule, bado kina duara kali, hapo hakuna uchakavu. Ikiwa shavu, nywele, kipuli, kichwa cha bundi na kifua chake vyote vimelainika pamoja, sarafu ilifanya kazi sokoni miaka mingi, na hadithi ya pigo legevu iache ipite.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokiamini zaidi. Nawa mikono, ikauke, kisha ishike sarafu juu ya kitambaa, kidole gumba kikiwa juu ya eneo bapa. Weka kidole cha shahada upande wa pili, mkabala kabisa. Geuza utazame pale kidole cha shahada kilipokuwa. Pigo likiwa legevu, mara nyingi udhaifu hutokea pande zote mbili mahali pamoja, au upande mmoja hujaa na mkabala wake hubaki bapa, kwa sababu fedha ilikuwa chache hapo au mihuri haikubana sawasawa. Kwenye bundi wa Athens tatizo hili lina sababu ya kimaumbile: shavu la Athena limechongwa kwa kina kirefu kwenye muhuri wa chini, na mwili wa bundi nao umechongwa kwa kina kwenye muhuri wa juu, karibu mkabala. Mihuri hiyo miwili inagombania fedha ileile. Nyundo ikishuka bila nguvu ya kutosha, mmoja unashiba na mwingine unabaki na njaa. Kwa hiyo kichwa cha bundi kilicho bapa nyuma ya Athena mwenye shavu lililojaa ni jambo la kutarajiwa.

Mwisho, itazame sarafu kwa ubavu. Muhuri wa juu ukiinama mkononi mwa fundi, upande mmoja hubanwa sana na mwingine kidogo. Upande uliobanwa unakuwa mwembamba na picha yake kali. Upande wa pili unabaki mnene na picha yake inafifia kuelekea ukingoni kana kwamba imezama. Ubavu usio sawa na ufifiaji wa upande mmoja vikikutana, umepata jibu lako.

Kwa bundi, anza ukaguzi wa pigo kwenye vitu hivi: mstari wa nywele juu ya paji la Athena, kope za jicho, pembe ya midomo, majani matatu ya kofia, kisha kwa bundi, mashimo ya macho, nukta za manyoya ya kifua, na vidole vya miguu. Nukta za kifua ndizo kipimo cha haraka zaidi. Zikihesabika moja moja, pigo lilikuwa la nguvu.

Na je, sarafu yenye pigo legevu ina thamani gani ukilinganisha na iliyolika? Ushauri wangu unaenda kinyume na wauzaji. Sarafu iliyolika vizuri, sawasawa, pande zote, huwa na picha iliyo kamili ingawa laini, jicho linaipokea. Sarafu isiyolika lakini yenye shimo bapa katikati ya uso ni mpya na haina uso. Nikilazimika kuchagua, nachukua iliyolika.

Hatua ya 5: Usiichanganye na muhuri uliochoka

Nyundo inaweza kushuka kwa nguvu zote na picha bado ikatoka hafifu, kwa sababu muhuri wenyewe umechoka. Dalili yake ni mistari myembamba inayotoka katikati kwenda ukingoni, na herufi zinazovimba na kutawanyika kuelekea nje huku mng'ao wa uwanja ukiwa mzima. Muhuri wa juu ulipigwa nyundo moja kwa moja, hivyo ulichoka mapema kuliko wa chini uliokingwa na fuawe. Usishangae ukikuta Athena mkali na bundi aliyechoka kwenye sarafu moja.

Muhuri ukipasuka, ufa wake hujaa fedha, na kwenye sarafu unatokea kama mstari ulioinuka au donge. Mkwaruzo huzama. Pitisha mwanga wa pembeni ujue ni kipi. Ufa wa muhuri si dhambi, na ukiwa mbali na uso huipa sarafu historia. Mpasuko wa ukingo nao ni wa kawaida kwenye vidonge vinene, ila ukifika shingoni kwa Athena shusha bei.

Pigo maradufu linatokea muhuri unaporuka na kutua tena umesogea kidogo: pua mbili, midomo miwili, au kivuli nyuma ya bundi. Kwenye herufi linavumilika. Kwenye uso wa Athena mimi silipendi, ingawa wapo wanaolitafuta. Na kuna kosa moja linaloongeza bei badala ya kushusha: sarafu iliyotangulia inanasa kwenye muhuri, kidonge kinachofuata kinagongwa juu yake, na unapata picha ileile pande zote mbili, upande mmoja ikiwa imebonyea na kugeuka kama kwenye kioo. Dinari za Jamhuri ya Roma zina mifano mingi ya namna hiyo.

Mikato ya majaribio ya wale wafanyabiashara wa kale haihusiani na pigo. Iandike kwenye hesabu ya hali ya ngozi.

Hatua ya 6: Hukumu kila aina kwa kanuni zake

Kosa la kawaida ni kuchukua kipimo cha aina moja na kukilazimisha kwa nyingine. Hata Athens yenyewe haikubaki na desturi moja. Katikati ya karne ya 4 KK mji ulizirudisha sarafu zake za zamani na kuzigonga upya, na nyingi zilikunjwa kwanza ndipo zikapigwa. Matokeo yake ni vidonge vya ajabu, virefu kama biri, ambavyo juu yake Athena nzima haiwezi kuenea hata kidogo. Ukidai ukaaji kamili kwa bundi wa kundi hilo utasubiri sana. Ridhika na uso kamili na bundi kamili. Kuanzia karne ya 2 KK Athens ilihamia vidonge vipana na vyembamba, vyenye bundi juu ya mtungi ndani ya shada la mzeituni. Hapo kishungi hupatikana kirahisi na hakistahili kulipiwa ziada. Tafuta pigo lenye nguvu, maana fedha iliyotandazwa hivyo mara nyingi ina maeneo bapa.

Tetradrakma za Aleksanda Mkuu, zenye Herakles aliyevaa ngozi ya simba na Zeus kwenye kiti cha enzi, zina vidonge vyenye nafasi ya kutosha. Udhaifu wake wa kawaida ni kichwa cha Zeus, ambacho hutoka bapa au kukatwa juu. Zeus asiye na kichwa anashusha mvuto haraka, kwa hiyo anza naye.

Kwa Warumi, maandishi ndiyo yanayobeba sarafu. Jina la mfalme na vyeo vyake vinazunguka ukingoni, na tarakimu zinazofuata vyeo hivyo ndizo zinazotuwezesha kutaja mwaka. Picha ikisogea na kukata tarakimu ya mwisho, sarafu inabaki na uso mzuri lakini imepoteza tarehe. Kwenye dinari, maandishi kamili pande zote mbili ni sawa na kishungi cha bundi. Sarafu za mgogoro wa karne ya 3 BK, kama za mfalme Gallienus, ziligongwa kwa haraka kwenye vidonge vidogo vya fedha hafifu. Ukipata maandishi kamili na uso uliojaa kwenye moja ya hizo umepata kitu adimu kwa bei ya nauli ya daladala za mwezi.

Karibu na kwetu kuna Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea ya leo, ulioanza kugonga sarafu katika karne ya 3 BK chini ya mfalme Endubis. Baadhi ya sarafu zake za fedha na shaba zilitiwa dhahabu katika eneo dogo kuzunguka kichwa cha mfalme au msalaba. Hapo mvuto wote uko kwenye hiyo dhahabu iliyobaki, na ukaaji wa ukingo ni jambo la pili.

Na Kilwa. Sarafu zake ni za zama za kati, lakini zilipigwa kwa nyundo na mihuri vilevile. Vipande vidogo vya shaba vya masultani wake vina maandishi ya Kiarabu yenye vina, upande mmoja ukimalizia ulioanzwa na mwingine. Pigo likienda kombo jina la sultani hukatika na kina kinabaki bila mwenzake. Vitano kati ya hivyo vilivyookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, vilitambuliwa kwa maandishi hayohayo.

Hatua ya 7: Soma alama za wapimaji bila kuziabudu

Sarafu nyingi za kale zinazouzwa Marekani ziko ndani ya vifuko vigumu vya plastiki vya NGC, kampuni ya kupima sarafu. Kampuni hiyo hutoa daraja la uchakavu, kisha alama mbili tofauti za kuanzia moja hadi tano: moja ya pigo, moja ya ngozi. Alama ya pigo inajumuisha ukaaji, hali ya mihuri na umbo la kidonge. Utaratibu huo ni mzuri kwa sababu unakulazimisha kutenganisha mambo ambayo jicho huyachanganya.

Ila tarakimu moja haiwezi kukuambia udhaifu uko wapi. Nne kati ya tano inaweza kumaanisha kishungi kimekatwa na uso ni mkali. Inaweza pia kumaanisha kila kitu kimo ila kichwa cha bundi ni bapa. Hizo ni sarafu mbili zisizofanana hata kidogo, na huenda bei yake ni moja. Tazama picha kwanza, uweke alama yako mwenyewe kwenye karatasi, ndipo usome ya kwao.

Hatua ya 8: Picha ya mnada inaficha nini

Mpiga picha mzuri anajua kuuficha udhaifu kwa kivuli. Anaelekeza taa mahali ambapo mstari mmoja wa nywele unang'aa na eneo bapa linaingia gizani. Omba video fupi ya sarafu ikizungushwa chini ya taa moja. Muuzaji anayejiamini hatakataa.

Angalia kama pande zote mbili zimepigwa kwa ukubwa mmoja, na kama ukingo umekatwa na programu. Ukingo uliopunguzwa kidogo hufanya picha ionekane imekaa katikati zaidi. Linganisha kipenyo kilichoandikwa na unachokiona. Bundi wa karne ya 5 huwa na milimita 23 hadi 26 hivi. Uzito ukishuka chini ya gramu 16.5 uliza sababu: imelika sana, imeliwa na ardhi, au ni shaba iliyovikwa fedha.

Kabla hujatoa dau, tafuta mauzo yaliyopita ya aina hiyohiyo kwenye acsearch, hifadhi ya mtandaoni ya matokeo ya minada. Panga picha sita au saba kwa bei, kutoka ya chini hadi ya juu, ufunike bei na ujaribu kukisia. Zoezi hilo linanoa jicho kuliko kusoma mwongozo wowote, na huu ukiwemo.

Hatua ya 9: Tumia ukaaji kunasa bandia

Sarafu mbili za kale zinaweza kutoka kwenye mihuri ileile. Haziwezi kuwa na kidonge kilekile. Umbo la ukingo, mpasuko, kiasi cha picha kilichokatwa na pembe ya muhuri wa juu vilitokea mara moja tu. Ukikuta mbili zenye ukaaji uleule, ufa uleule na mkwaruzo uleule, angalau moja ilimiminwa kwenye kalibu au mihuri yake ilitengenezwa kwa kunakili sarafu halisi. Ndiyo maana inafaa kutafuta pacha wa sarafu yako mtandaoni kabla ya kulipa.

Ukaaji uliokamilika mno nao uuulizie. Carl Wilhelm Becker, mghushi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri yake kwa ustadi mkubwa, na kazi zake bado zinajitokeza. Bundi mwenye kishungi kizima, pua nzima, kila nukta mahali pake, kwa bei ya bundi wa kawaida, anahitaji mtaalamu amtazame kabla hujatoa senti.

Hatua ya 10: Fanya uamuzi, kisha uliza hati

Katika minada ya miaka ya karibuni bundi wa kawaida wa karne ya 5 KK ameuzwa kwa mamia kadhaa ya dola za Marekani, na mwenye kishungi, pua na pigo kamili hupita elfu moja bila shida. Kati ya hao wawili kuna uwanja mpana wa kuchezea. Humo mimi ningetafuta hivi: uso kamili wenye nafasi mbele ya pua, macho ya bundi yaliyochimbika, herufi tatu zinazosomeka, kishungi kiende kinakotaka kwenda. Upande mmoja ukiwa bora sana na mwingine dhaifu, lipa kwa kadiri ya ule dhaifu, kwa sababu ndio utakaokusumbua siku ya kuuza.

Hati ya asili ya sarafu, yaani ya ilikotoka na waliowahi kuimiliki, ina uzito kuliko vyote nilivyovitaja. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus ya 42 KK, inayokumbuka kuuawa kwa Kaisari, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3.2. Historia yake ya umiliki ikaonekana ya kubuni, na mwaka 2023 ilirudishwa Ugiriki. Uzuri wake haukumsaidia mnunuzi. Omba risiti za zamani, ukurasa wa katalogi, au kibali cha kuitoa nchi ilikotoka. Na kwa walio Tanzania, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu kama sarafu za Kilwa; Kenya ina sheria yake ya 2006. Ukiuziwa kipande cha shaba chenye Kiarabu kilichotoka kwenye magofu, usikinunue. Mpeleke anayekuuzia kwa wataalamu wa makumbusho, pamoja na maelezo ya mahali kilipookotwa.

Ukishainunua yako, ipime uzito, ipige picha pande zote mbili na ubavu, uhifadhi picha hizo pamoja na risiti. Usiisugue. Dawa ya kung'arisha fedha hula kwanza ile ngozi ya uwanja na kingo kali za mchongo, na baada ya hapo hata wewe mwenyewe hutaweza tena kutofautisha pigo legevu na kulika.